Mshale wa Kumi na Tatu

Mwezi uliopita nilipoingia sebuleni kwa marehemu Mama Neema, kule Greenbelt, Marekani, waombolezaji wote waliniangalia usoni isipokuwa mmoja. Kisilu aliniangalia mikono. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka ishirini. Yeye sasa ana mvi hadi kwenye nyusi, mimi nina tumbo linalonitangulia mlangoni kama mjumbe, na bado, kabla hata ya kunipa pole, macho yake yalishuka kuona nimeshika nini. Nilikuwa nimeshika hotipoti ya pilau. Akaridhika, au alijifanya ameridhika. "Karibu, bwana Tanga," akasema, akanisogezea kiti. Kisha yeye mwenyewe akahama, akaenda kukaa mahali anapouona vizuri mlango wa kushukia chumba cha chini, kile tulichoishi wawili mwaka ule nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Watu walikuwa wanaimba. Mimi nilikaa na sahani ya maandazi magotini nikijisikia kama mtuhumiwa aliyealikwa chai.

Kile chumba mimi nilikipenda, na sioni aibu kusema. Vitanda viwili, pazia la maua katikati, na dirisha dogo lililokuwa usawa wa majani ya nje, kiasi kwamba ukilala unaona miguu ya kindi na matairi ya gari la Mama Neema. Wenzangu walikuja Marekani wakaizunguka. Mimi niliiona hadi hapo dirishani, ikanitosha. Jumatatu mpaka Jumatano nilikaa ndani ya kibanda cha maegesho ya magari mjini, nikibonyeza kitufe cha kuinua kizuizi. Siku nne zilizobaki nilikaa ndani ya chumba, na tofauti kubwa kati ya kazi na mapumziko ilikuwa blanketi. Mama Neema, mwenye nyumba, nesi mmoja wa Moshi asiyejua kusema kwa sauti ndogo, alikuwa akigonga sakafu kwa mpini wa ufagio: "Wewe uko hai huko chini? Au nimwite mchungaji?" Nami nilijibu kwa kugonga dari, maana kupanda ngazi kulikuwa safari. Tulikuwa na bomba la hewa ya joto lililotoka jikoni kwake likaja kutokea juu ya mto wangu. Joto lilikuja kwa kubahatisha, lakini maneno yalifika yote. Humo ndani ya bomba nilisikia posa zikikataliwa, wanakwaya wakichambuliwa, na siku moja nilisikia sifa zangu mwenyewe: "Yule wa Tanga hana neno. Ni kama kabati."

Kisilu hakuwa kabati. Alikuwa Mkamba wa Kitui, msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa College Park, mtu anayekunja soksi zake na kuzipanga kwa rangi. Januari, mfanyakazi mwenzake mmoja alimpeleka kwenye kiwanja msituni ambako Wamarekani wanapiga pinde za mti za jadi. Alirudi amekasirika kama mtu aliyetukaniwa bibi yake. "Bwana Tanga, hao watu wako na pinde safi kabisa, halafu wanaweka mshale wa plastiki! Mtu mzima na ndevu zake!" Baada ya wiki mbili lilikuja boksi refu la fito za mwerezi, na chumba chetu kikaanza kunukia kama sanduku la bibi harusi. Akirudi kazini alikaa mezani chini ya dirisha. Alichukua ufito mmoja mmoja, akaupindisha kidogo kwa vidole asikilize unavyorudi, akauviringisha juu ya kioo kuona kama una nundu, akaupitisha kwenye joto la mshumaa na kuunyoosha kwa kiganja, akaupiga msasa. Kisha manyoya ya bata mzinga, matatu kwa kila mshale, gundi, na uzi mwembamba wa kufungia. Mwisho kabisa alipasha kisu moto, na karibu na mkato wa nyuma unaoshika kamba ya upinde akachoma alama: mistari miwili na kijiduara. Moshi mdogo, harufu ya mti kuungua, na hapo ndipo alipotabasamu. Mishale ikikauka aliilaza sakafuni kati ya kitanda changu na choo. Nikiiruka alipiga kelele nirudi kuiruka tena upande wa pili, niufute mruko wa kwanza, kama watoto wanavyofanyiwa kwetu wasije wakadumaa. Fikirieni mtu aliyebanwa na haja akifanya hesabu hiyo.

Sasa niseme kosa langu, maana kwenye msiba niliona hakuna mwingine atakayelisema. Mtu akikaa ndani siku nne kwa wiki, mikono huanza kuwasha. Machi ile nilianza kuokota fito alizozitupa, zile zenye nundu au ufa, na Kisilu akienda zamu mimi nilikaa kwenye kiti chake. Sikumwomba. Nilijua angenicheka, kwa sababu huyu ndiye mtu aliyeniona nikisoma maelekezo ya kubadilisha balbu. Mishale yangu mitatu ya kwanza nisingempa hata adui aipige, ingemrudia mwenyewe. Nikaificha chini ya godoro. Wa nne ulitoka. Ulikuwa umenyooka, una manyoya matatu yamesimama kama masikio ya mbwa aliyesikia jina lake. Kilichobaki ni alama. Bila alama ulionekana uchi, kama bahasha isiyo na stempu, nami nilidhani mistari miwili na kijiduara ni urembo tu, kama ua kwenye kikombe. Nikapasha kisu. Nikachoma, kisha kwa tamaa nikatengeneza na kuchoma wa tano, nikauficha na wenzake. Kisha, kwa sababu kiburi hakikai chini ya godoro, nikauweka ule wa nne kwenye boksi kati ya mishale yake kumi na miwili iliyomalizika, nirudi nyuma hatua tatu nione kama utajulikana. Haukujulikana. Nilisimama pale nikiutafuta mshale wangu mwenyewe kwa furaha, na hapo ndipo nilipoyaona matairi ya gari la mwenzake wa kazini yakisimama nje ya dirisha, saa nzima kabla ya muda wake.

Nilikimbilia kitandani nikajifanya nimelala. Nilimsikia akivua viatu, akifungua boksi. Kisha akahesabu kwa Kikamba, akahesabu tena kwa Kiswahili, kama vile lugha nyingine ingeleta jibu tofauti.

"Bwana Tanga. Amka. Nani ameingia huku?"

"Sijaona mtu. Kwani umeibiwa?"

"Nimeongezewa."

"Si uhesabu vizuri."

"Mimi? Mimi kila asubuhi nahesabu vidonge vya wazee kumi na wanane, na hakuna mzee amekufa. Nilitengeneza kumi na mbili. Hapa iko kumi na tatu. Na zote ziko na alama yangu."

Nikacheka, nikamwambia amshukuru Mungu, huyo ni mwizi wa aina yake, labda wiki ijayo atamletea na kuku. Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanieleza polepole. Kwao kila mpigaji ana alama yake aliyopewa na watu wake. Mnyama akianguka, alama ndiyo inayosema nyama ni ya nani. Lakini pia ng'ombe wa mtu akikutwa na mshale ubavuni, hakuna anayeuliza nani alipiga. Wanaangalia alama, na mwenye alama anajibu, hata kama usiku huo alikuwa amelala kwa mama mkwe. "Sasa mtu akitengeneza mshale akaweka alama yangu," akasema, "huyo anataka nijibu kitu. Sijui ni kitu gani. Lakini ananitayarishia." Hapo ndipo ningesema. Nina hakika kabisa, ndipo. Lakini nilikuwa chini ya blanketi, nimeambiwa tu kwamba nimefanya kwa mchezo jambo ambalo watu wa kwao wanalitolea fidia, na ulimi wangu ukajikunja kama kobe. Nikamwambia: "Hapa Marekani, bwana. Nani ana muda huo?"

Kuanzia siku ile nyumba ilibadilika. Kisilu aliupata ule mshale wa kumi na tatu katika dakika chache, sikujua kwa vipi, akaufunga kwa kamba kwenye bomba la maji kama mfungwa. Alibandika unywele kwenye kifuniko cha boksi. Alinyunyiza unga wa ugali mbele ya meza aone nyayo za nani, na asubuhi mimi nikazunguka chumba kwa ubavu kama kaa. Alianza kuwapima watu. Mimi alinipima akanitoa haraka, na lazima nikiri kwamba iliniuma kidogo. "Wewe huwezi," akasema, si kwa kunisifu. Akabaki Mama Neema, ambaye mara mbili alikuwa amelalamika kwamba harufu ya gundi inapanda hadi kwenye nguo zake za kanisani, na ambaye alikuwa na ufunguo. Kisilu akaacha kupanda kula. Alinunua mkate, akala chini, mgongo ukutani. Na mimi, niliyejua kila kitu, nilikaa mezani kwa Mama Neema mbele ya ugali na sukuma wiki za bustani yake, nikala zangu, na kwa kuwa chakula hakitupwi, nikala na za Kisilu.

Nilimsikia bombani, Alhamisi moja, Mama Neema akiongea na dada yake kwenye simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikajua kuna jambo. "Hali chakula changu siku hizi. Miezi mitatu namwita mdogo wangu. Anadhani nitamwekea nini, eti?" Akasikiliza. "Hapana, sijamuuliza. Na mimi sasa namwangalia. Mtu anayekuogopa bila sababu, huyo mwenyewe ana jambo." Nililala chini ya maneno hayo nikayasikia yakishuka pamoja na joto. Watu wazima wawili, waungwana, kila mmoja amemfanya mwenzake mwovu, na mimi kabati nipo katikati nimejaa mishale. Siku hizi mke wangu hunicheka kwamba nina kamera mlangoni na nyingine ya kuiangalia ile kamera. Sibishani naye. Niliwahi kuona jinsi shaka inavyofanya kazi ikishapewa kidogo tu cha kuanzia, na aliyeipa nilikuwa mimi.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilikuwa sijauona mshale wangu ukiruka. Juni, Jumamosi moja mchana, wote wawili wako kazini, nikautoa ule wa tano chini ya godoro, nao una alama ileile. Nikachukua upinde ambao Kisilu alikuwa ameununua kwa wale wa kiwanjani na kuutundika ukutani, nikatoka uani. Nilijipa sababu: paa walikuwa wanakula sukuma wiki za Mama Neema, nitawatisha. Hapakuwa na paa. Nilivuta, nikaachia, kamba ikanichapa mkono nikaona nyota. Mshale ulikwenda mbele kidogo kama umenielewa, halafu ukabadili mawazo, ukakata kushoto, ukapanda uzio wa jirani. Nikasikia *tak*. Nilichungulia kwenye nafasi za mbao mpaka shavu likachomwa na vijiti. Sikuona kitu. Nikarudisha upinde, nikautundika kwa pembe ileile, nikarudi kitandani.

Jirani alikuwa bibi wa Kimarekani, mstaafu, mpole. Ijumaa iliyofuata, jioni, alikuja mlangoni na mshale mkononi. Ulikuwa umechomeka kwenye mlango wa kibanda chake cha vifaa, kimo cha kichwa chake. Hakugomba. Aliuliza kwa upole ule wao ambao unatisha kuliko kelele, kama kuna mtu humu anayecheza na vitu hivi, kwa sababu wajukuu wake huja, na kwa sababu asingependa kuita polisi. Mama Neema alimwomba radhi mara nne. Kisha akatuita sote sebuleni, akauweka mshale mezani juu ya kimoja cha vitambaa vyake vya kufuma, bado amevaa sare za hospitali.

"Haya. Nani?"

Kisilu aliuinua. Aliuangalia manyoya kwa muda mrefu, kisha akageuza akaona alama. Wakati ule karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na sote mle ndani tulijua polisi mlangoni maana yake nini kwa mtu kama huyo.

"Alama ni yangu," akasema. "Nitajibu mimi."

"Sikuulizi alama. Nauliza ni wewe uliyepiga?"

"Nitajibu mimi, Mama Neema."

"Basi jibu lenyewe ni hili. Mwisho wa mwezi uwe umepata pa kwenda. Siwezi kukaa na mtu anayekataa chakula changu na kurusha mishale kwa wajukuu wa watu." Akainuka, akageuka. "Na wewe, kabati, umeona nini?"

"Nilikuwa nimelala," nikasema. Na Mungu anisamehe, niliifanya sauti iwe ya usingizi.

Siku tisa zilipita. Kisilu alikunja vitu vyake kidogo kidogo, soksi kwa rangi. Sikuweza kula, jambo ambalo Mama Neema aliliona kuwa huruma yangu kwa rafiki, akaniongezea mboga. Siku ya tisa ilikuwa Jumapili, alasiri. Kisilu alikuwa anaifunga ile meza ndogo kwa kamba ili aihamishe, nikasikia mtu anasema, "Ni mimi niliyeupiga ule mshale. Na ule wa kumi na tatu ni wangu," na mtu huyo alikuwa mimi.

Akaendelea kufunga. "Amekutuma?"

"Nani?"

"Huyo wa juu. Ameona nitaondoka na jina baya, sasa anataka uongo wa kunituliza."

"Kisilu, nimetengeneza mimi. Kwa mikono hii."

"Mikono hiyo?" Hapo ndipo alipocheka, kwa mara ya kwanza tangu Machi. "Wewe, balbu ilikushinda!"

Nilivuta godoro nikamtolea ile mitatu mibovu. Akasema yeyote anaweza kuiweka pale. Ndugu zangu, nimewahi kusikia watu wakihangaika kukana kosa. Mimi nilihangaika alasiri nzima kuthibitisha la kwangu. Akafungua kamba za meza, akaiweka chini ya dirisha, akaweka ufito, manyoya, gundi, uzi. "Tengeneza." Akapika chai ya mtu mmoja, akakaa kunitazama. Nilipiga msasa, nikapitisha kwenye mshumaa, nikachoma kidole nikakilamba. Yeye akanywa chai yake. Nilichota manyoya matatu bila kuangalia, kama nilivyofanya siku zote, nikayagandisha, nikafunga uzi kwa mkono wangu wa kushoto. Nilipomaliza, akaufungua mfungwa kutoka kwenye bomba la maji, akapanda juu kuufuata ule wa jirani, akailaza yote mitatu ubavu kwa ubavu kwenye mwanga.

"Angalia," akasema. Mimi niliona mishale mitatu mizuri. Yeye aliniwekea kidole. Manyoya ya bawa la kushoto la ndege yanapinda upande mmoja, ya bawa la kulia upande mwingine, na mshale mmoja haupewi ya pande zote mbili kamwe. Yangu yote ilikuwa na mchanganyiko. Na uzi wote umezungushwa kinyume. "Ukichanganya, mshale haujui unaenda wapi. Nilijua huyu si fundi. Nilitafuta adui," akasema polepole, "na kumbe ni mjinga." Sijawahi kutukanwa nikapumua vizuri namna ile.

Akachukua kisu cha baridi akakwangua mistari yake miwili na kijiduara kutoka kwenye mishale yangu miwili yenye alama, mpaka mti ukabaki mweupe. Akapasha kisu kingine akanipa. "Weka yako." Sikuwa nayo. Nilikaa na kisu kikipoa nikifikiria mtu wa ndani kama mimi anaweka alama gani, na mwishoni nikachoma mstari mmoja, nao ukapinda. "Hiyo inatosha," akasema. "Sasa beba, twende juu."

Mama Neema alikuwa jikoni na kitenge juu ya gauni la kanisani, anakaanga samaki. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuanzia Machi. Alizima jiko katikati ya maelezo. Nilipomaliza hakunitazama mimi, alimtazama Kisilu.

"Ulijua si wako, ukakubali kufukuzwa?"

"Alama ilikuwa yangu, dada."

"Na mimi ulidhani nimekufanyia nini? Miezi mitatu hujagusa sahani yangu."

Kisilu akainamisha kichwa. Akachukua kipande cha samaki kwenye karai, cha moto, kwa vidole, akakila pale pale amesimama, akaungua mdomo, asikiteme. Mama Neema akageuka upande wa sinki, akafungua maji bila sababu. Kisha akaongea akiwa bado ametupa mgongo.

"Wewe wa Tanga. Kesho utakwenda kwa jirani umwombe radhi kwa mdomo wako. Na tarehe niliyompa huyu, sasa ni yako."

Nilimwangalia Kisilu. Neno moja lake lingetosha. Alikuwa mdogo wake tena, samaki mdomoni, angesema tu "dada, mwache" na angeniacha. Niliona analifikiria hilo neno. Niliona analipima kama ufito, akisikiliza linavyorudi. Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimenyamaza siku tisa, na sikuwa na mdomo wa kumlaumu kwa dakika moja.

Nilipata chumba Columbia Heights, ghorofa ya nne, kwenye jengo la watu ambao sikumjua hata mmoja, na kwa mara ya kwanza ilinibidi nitoke nje ili nipate wa kusema naye. Siku ya kuhama ni Kisilu aliyenibebea mabegi hadi stesheni ya Greenbelt, tukapanda pamoja, yeye akiwa anaendelea mbele kwenda kununua vitu vyake mjini. College Park ikapita, treni ikaingia chini ya ardhi. Karibu na kituo changu nikajikaza.

"Kisilu. Umenisamehe?"

Alifikiria kwa uaminifu, nyusi zimekutana, wakati treni inapunguza mwendo na watu wanasimama.

"Bado," akasema. "Shuka, mlango unafungwa."